Watu wa Nyumba ya Bwana Polepole

Wauza nyanya wa soko la Manika walikuwa wakimwona Mukalay kwa mbali, wanaanza kuzificha zile nzuri chini ya kikapu. Hakuwa mwizi. Alikuwa mpishi anayejua bei, na hiyo ni mbaya kuliko mwizi. Alikuwa akisimama mbele ya mama wa watu, anainua nyanya moja, anaigeuza, anairudisha chini taratibu kama mtu anayefunika maiti, kisha anauliza:

"Mama, hii unauzisha ao unapeleka ku makaburi?"

Yule mama akicheka tu, bei imekwisha kushuka. Na akishalipa, haondoki. Anabaki pale na mkono wazi akingoja matabishi, kile cha juu ambacho muuzaji humtupia mnunuzi ili arudi kesho. Hakuwahi kuondoka bila matabishi, hata siku ya mvua.

Huyo ndiye mtu aliyeuzwa bila kuulizwa bei.

Alizaliwa upande wa Kabongo, akajifunza sufuria jikoni kwa mapadri, akashuka Kolwezi angali kijana, na kisu chake mwenyewe ndani ya mfuko. Kampuni moja ya matofali ya moto, yale yanayovishwa ndani ya matanuru ya kuyeyushia shaba, ilimchukua ampikie mkurugenzi. Mkurugenzi yule alirudi Ulaya, akaja mwingine. Wa pili naye akaenda, akaja wa tatu. Nyumba ilikuwa ileile chini ya mikaratusi, jiko lilelile, mpishi yuleyule. "Bakubwa banapita," aliwaambia majirani, "sufuria inabakia."

Kwa akili yake, yeye alikuwa mtu wa kampuni. Nyumba aliyokaa na mkewe Fidélie na watoto ilikuwa ndani ya kambi ya kampuni, tofali na sementi, bomba la maji karibu na mlango, na nyuma Fidélie amepanda mboga za lengalenga mpaka ukutani. Posho ya unga walipokea kila Jumamosi kwenye dirisha la kampuni, mstari mmoja na wachoma matofali. Mtu akiona hayo yote atafikiri nini?

Mkurugenzi wa tatu, kambi nzima ilimwita Bwana Polepole, kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti. Hata akimfukuza mtu kazi alimwambia "doucement, doucement", yaani polepole, kana kwamba yule anayefukuzwa ndiye anataka kuvunja kitu.

Basi mwaka ule bei ya shaba ikaanguka huko inakouzwa. Wenye matanuru wakapunguza kuagiza matofali, na kampuni ikazima moto upande mmoja wa kiwanda. Katika kambi watu wakaanza kusemea chini. Wengine wakauza baiskeli kabla hawajaambiwa lolote, maana mtu mwenye akili huuza kabla jirani hajajua kwamba ana shida.

Jumapili moja wakubwa wote wa kampuni walikuja kula kwa Bwana Polepole. Mukalay alipika moambe, kuku ndani ya mchuzi wa ngazi, tunda la mchikichi, na alikuwa akiingia na kutoka na sahani. Kifaransa chake kilikuwa cha jikoni. Alijua kila nyama, kila chombo na kila tusi. Penye ufa alijaza mwenyewe, kama mtu anayeziba ukuta kwa udongo. Siku ile alielewa mengi. Walisema kwamba wafanyakazi wasiguswe kwanza, maana wataleta matata. Tuanzie juu, walisema. Kila mkubwa akatwe mshahara, na vile vya pembeni vyote ambavyo kampuni inawalipia: petroli ya Jumapili, divai, likizo ya pwani. Bwana Polepole akaongeza, kwa sauti yake ya pamba, "Et les gens de maison." Madamu, mke wa bwana, akaweka uma chini.

"Provisoirement?" mmoja akauliza. Kwa muda?

"Provisoirement."

Mukalay alirudi jikoni na sahani chafu na kichwa kimejaa. *Gens* ni watu, *maison* ni nyumba. Watu wa nyumba. Na mtu akisema watu wa nyumba yake, anasema nani? Anasema mke wake na watoto wake. Kumbe wazungu hawa wamefika pabaya hivyo, mpaka wanakata chakula cha wake zao! Alichungulia mlangoni, akaona macho ya Madamu yana maji. Alimhurumia kweli. Tangu siku ile, paja la kuku alimwekea yeye, na makombo aliyozoea kupeleka nyumbani akayaacha kabatini, Madamu asije akalala na njaa.

Habari aliichukua mbio mpaka kambini. Jirani yake Kalala, Mkasai aliyechoma matofali tangu ujana, alikuwa nje akitengeneza kiti.

"Tata Kalala, weka nyundo chini. Bakubwa banajikata bo benyewe."

"Muzungu ajikate mwenyewe? Na kisu anashika nani?"

"Mi nilikuwa pale. Nilisikia na masikio yangu. Mushahara, petroli, divai, mpaka bibi zao na batoto. Sisi habatugusi."

"Unasema kweli, ao ni ile divai ulimaliza mu chupa?"

"Kama ni uongo, jina yangu muitie mbwa."

Kalala alicheka, lakini habari ilitembea. Kambi ilimwamini Mukalay, kwa sababu mtu anayekula karibu na meza husikia kilichosemwa mezani. Waliokuwa wakifunga mizigo wakafungua. Baada ya siku chache karani Muamba alisimama kwenye uwanja wa kiwanda, pembeni ya Bwana Polepole, akageuza maneno yake kwa Kiswahili: wakubwa wameacha mali yao kwa muda, ili mfanyakazi hata mmoja asifukuzwe. Watu walipiga makofi. Mukalay alipiga kuliko wote, akawaangalia watu kama baba wa bibi harusi.

Jumamosi iliyofuata Fidélie alirudi kutoka kwenye dirisha la posho na mfuko mtupu.

"Banasema jina yetu haiko."

"Banakosea. Muamba macho yake ni mubaya."

"Si Muamba alisema. Ni mwenye kupima unga. Alisema tena, turudishe funguo ya nyumba mwisho wa mwezi."

Mukalay alicheka, akavaa koti, akaenda kwa Muamba. Karani yule alikuwa kijana wa shule ya mapadri, tai shingoni, mtu mpole. Alimpa kiti, na hapo Mukalay akajua kwamba kuna kifo. Ofisini hawampi mpishi kiti bure.

"Tata, ulisikia vile nilisema ku uwanja?"

"Nilisikia. Nilipiga na makofi."

"Ndiyo vile. Bakubwa baliacha bitu byote kampuni ilikuwa inabalipia. Petroli. Divai. Na gens de maison."

"Bibi zao."

Muamba hakucheka, na Mungu atamlipa kwa hilo.

"Hapana, tata. Gens de maison ni boy, mulinzi wa bustani, mupishi. Ni weye."

"Mi niko mufanyakazi wa kampuni."

"Haukukuwa hata siku moja. Uko mu mustari moja na divai. Kampuni ilikuwa inamupatia bwana mupishi, sawa vile inamupatia petroli."

"Bakurugenzi batatu nilipikia!"

"Bote batatu balipewa."

"Lakini ulisema hakuna mufanyakazi atafukuzwa."

"Na hakuna alifukuzwa, tata," Muamba akasema, akiangalia tai yake.

Mukalay alitoka nje akasimama juani. Alikuwa amepiga makofi. Alikuwa amempelekea Madamu mapaja. Na kambi nzima aliiambia kwamba hakuna atakayeguswa, naye alisema kweli kabisa. Ila ndani ya hesabu ile yeye alikuwa upande wa chupa.

Asubuhi yake alimpelekea Bwana Polepole kahawa, akabaki amesimama. Bwana alikuwa amejitayarisha. Alimwambia kwamba moyo wake unauma. Kwamba ni kwa muda tu. Kwamba yeye mwenyewe, kwa mfuko wake, atamlipa nusu ya alichokuwa akipata, na atamfungulia kile chumba cha nyuma ya gereji. Chumba ni cha mtu mmoja, basi mkewe na watoto wangoje huko kwao Kabongo, kwa muda.

"Mukalay, weye na mimi tuko jamaa," alisema kwa Kiswahili chake kilichovunjika. "Jamaa inasaidiana."

Basi yule fundi wa soko akaanza kununua. Alishindania tiketi za treni za mke na watoto, akazipata. Alishindania gunia la unga la kuondoka nalo, akalipata. Alishindania blanketi mbili, akapata moja. Alirudi nyumbani amechoka lakini kifua mbele, akamweleza Fidélie yote.

Fidélie alikuwa anang'oa lengalenga, hata zile changa, asimwachie mtu.

"Umeshinda kamba," alisema. "Ng'ombe imeenda."

"Ni kwa muda, mama."

"Muda inaisha siku gani? Uliuliza?"

Hakuuliza. Mtu ambaye hakununua kitunguu kimoja bila kukigeuza pande zote alinunua muda bila kuuangalia chini. Fidélie alifunga sufuria ndani ya kitenge, na siku ya treni Kalala alimletea kuku hai wa kula njiani, akamwambia Mukalay, "Ile jina ya mbwa, sitakuitia. Lakini usinisimulie tena maneno ya mezani." Nyumba ilipata familia nyingine kabla ya wiki kuisha. Walikuta shamba tupu na bomba linalodondosha maji.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka petroli, hata sasa ambapo petroli ya Jumapili ilikuwa imekatwa. Mukalay alikaa humo na kushika kazi yake. Bwana alimpunguzia pesa za soko, na yeye akaona ni heshima yake kwamba meza isionekane maskini. Alinunua shingo na mabawa, akayapika mpaka wageni wakadhani ni kuku mzima. Mkate wa jana aliugeuza pudini. Wauza nyanya sasa walikuwa wakimkimbia waziwazi. Bwana Polepole alimsifu mbele ya wageni: huyu, alisema, ananilisha vizuri kwa nusu! Mukalay alikuwa akiinama kidogo mlangoni. Alifikiri anaweka akiba ya wema. Kumbe alikuwa akionyesha mteja bei yake ya mwisho, na huo ni upumbavu ambao hata mama wa mihogo haufanyi.

Msimu wa mvua ulipita, na wa jua, na wa mvua tena. Kisha shaba ikapanda. Moto ukawashwa kiwanda kizima, moshi ukarudi juu ya kambi. Siku moja lori lilishusha masanduku ya divai. Siku nyingine likaleta moteri mpya ya mashua ya kampuni ambayo bwana alikuwa nayo kwenye ziwa la Nzilo. Madamu akaanza kutafuta kofia za pwani. Mukalay alitandika, akapangusa, akangoja aitwe. Hakuitwa. Akaenda kwa Muamba.

"Ni kweli bakubwa banarudishiwa?"

"Byote, tata. Na ile balipoteza mu ile miezi, kampuni ilibalipa nayo."

"Na gens de maison?"

Safari hii Muamba hakumpa kiti. Alisimama yeye mwenyewe.

"Nayo ilirudi. Ya bwana wako, alisema basimuwekee tena mupishi, bamupatie franka ya mupishi pa mukono. Alisema mupishi wake anatosheka."

"Franka ya mushahara yote?"

"Yote."

"Na mi ananipa nusu."

"Ile ni maneno yenu nyinyi babili," Muamba akasema. "Mi sikusema kitu."

Mukalay alikwenda moja kwa moja. Bwana Polepole alikuwa barazani na gazeti. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja gazeti vizuri.

"Lakini ulizoea, Mukalay. Unafanya vizuri kabisa. Uliona mwenyewe, nusu inatosha."

"Bibi yangu eko Kabongo, bwana. Ulisema kwa muda."

"Doucement. Doucement. Mwaka kesho tutaona."

Wengine wangetukana. Mukalay alifikiri kama mtu wa soko, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mzungu yule alikuwa amefanya biashara safi. Bei unayokubali siku ya njaa, mnunuzi haisahau siku ya shibe. Lakini sokoni angalau mtu hakuiti jamaa wakati anakupunja. Alikwenda jikoni, akaondoa sufuria motoni isije ikaungua, maana sufuria haikuwa na kosa, akavua aproni, akachukua kisu chake, akatoka.

Huko Manika alipanga chumba kwa mjane wa Kikasai aliyeitwa mama Kanku, akalipa kwa akiba yote. Akamtuma mtu wa treni kwa Fidélie. Jibu likarudi na mtu yuleyule: "Nyumba iko ya nani?" Akajibu kwamba ni ya mama Kanku, anadai kodi kila mwezi, na huyu angalau kiasi anachodai kinajulikana. Fidélie akaja. Watoto walikuwa wamerefuka. Mdogo alimwita "tata", yaani baba, kwa adabu tu, kama anavyomwita mtu yeyote barabarani. Walilala wote chumba kimoja, miguu juu ya miguu. Mukalay alipika harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, na kwa kila kazi pesa ilitangulia moto. Watu walimwona mgumu. Hakubisha.

Asubuhi moja gari la Bwana Polepole lilisimama kwenye njia ya mama Kanku, na majirani wote ghafla wakawa na kazi ya kufagia nje. Bwana aliondoa kofia.

"Mukalay. Rudi. Nitakulipa yote, kama zamani."

"Niko na kazi, bwana."

"Jumapili tu, basi. Wakubwa wa Ulaya wanakuja. Boy mpya anachoma mchuzi."

Mukalay alitaja bei. Ilikuwa sawa na ile nusu aliyokuwa akilipwa kwa mwezi mzima.

"Kwa siku moja? Huo ni wizi!" Kwa mara ya kwanza tangu afike Kolwezi, sauti ya bwana ilipanda, na mafagio yote yakasimama.

"Doucement, bwana," Mukalay akamwambia.

Bwana alijaribu kupunguza. Alishindania bei vibaya, kama mtu ambaye hajawahi kujinunulia nyanya; alianza na hasira na akamaliza na pochi. Alilipa pale pale, juu ya boneti ya gari. Fidélie akahesabu.

Jumapili ile Mukalay alipika moambe, akaipeleka mezani mwenyewe. Wageni walikula wakanyamaza, na hiyo ndiyo sifa ya kweli. Baadaye Bwana Polepole alisimama na glasi, akawasimulia jinsi wakubwa wa Kolwezi walivyojinyima miaka ya shida, kila mmoja akaacha chake ili mtu mdogo asiumie. Wageni wakapiga makofi. Mukalay alikuwa mlangoni na sahani, na mara hii hakuhitaji udongo wa kuziba nyufa: kila neno alilielewa.

Alipokuwa anaosha sufuria Madamu aliingia jikoni. Akaanza kufunga kuku aliyebaki ndani ya karatasi, kwa ajili ya watoto, kama alivyokuwa akifanya zamani. Hakumtazama.

"Siku ile, mezani," alisema, "bwana alikuwa na haki ya kubakiza kitu kimoja. Wewe ao mashua. Nilimwambia abakize wewe."

Mukalay aliendelea kusugua. Kwa hiyo yale machozi ya Madamu aliyoyahurumia yalikuwa ya kumlilia yeye Mukalay. Na yeye akampa mapaja.

"Merci, Madamu," alisema.

Nyama aliichukua. Mtu mwenye watoto haachi kuku mezani ili aonekane ana kiburi. Aliifunga nyuma ya baiskeli aliyoazima kwa Kalala, akateremka mpaka Manika. Fidélie alifungua karatasi, akanusa.

"Imetoka wapi?"

"Kwa bwana." Kisha akamweleza habari ya mashua.

Fidélie aliweka ile karatasi chini. Halafu akapuliza moto.

"Ile mashua," akauliza, "ni kubwa?"

"Inabeba batu bane, na samaki yao."

"Sisi tuko saba," Fidélie akasema, akaanza kugawa nyama.